Abiria wa Jumamosi

Jumanne asubuhi Sunnvá alikaa mbele ya kaunta ya kituo cha polisi, mkono wa kushoto umefungwa kwa kitambaa shingoni, akamsubiri Eyðun amalize kumimina kahawa. Eyðun alikuwa mtoto wa kaka yake, na ndiye aliyeandika ripoti ya ajali ya mumewe, Beinir.

"Ina makosa matatu," alisema Sunnvá.

"Matatu tu, shangazi? Leo nina bahati."

Kosa la kwanza lilikuwa rangi. Gari la Beinir lilikuwa la buluu mpaka Jumatatu saa tatu, Eyðun alipotia saini. Tangu hapo lilikuwa la kijani, hata ndani ya buti. La pili lilikuwa kondoo. Beinir alimgonga akafa papo hapo, lakini iliandikwa kajeruhiwa, na sasa alikuwa akichechemea mlimani na kula majani pamoja na wenzake. Mwenye kondoo alishapiga simu kuomba kosa hilo lisiguswe.

La tatu lilikuwa abiria. Iliandikwa: Sunnvá, mke wa dereva, amevunjika mtulinga wa kushoto. Siku ya ajali, Jumamosi, Sunnvá alishinda nyumbani akipika jamu. Mfupa huo wa bega ulimvunjika Jumatatu saa tatu, akianika shuka. Daktari wa mjini Tórshavn alitazama picha ya mfupa, akatazama ripoti, akasema vinalingana.

"Mimi uliniandika kwa lipi?"

"Ukungu, shangazi. Nilimwona mwanamke kwa nyuma, kavaa sweta lako. Nakshi zile za mabegani nani mwingine anazifuma kisiwa kizima? Jina la nini tena niulize?"

Sweta lile Sunnvá alimfumia Beinir, akalimaliza kwa majira mawili ya baridi. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na mwanamke huyo alikuwa amekwisha kuivaa nguo yenyewe.

Mlango ukafunguliwa, akaingia Turið wa duka la mikate, mzima, mabega yote mawili yamenyooka.

"Nimefuata changu," alisema.

"Kipi?" aliuliza Eyðun.

"Mtulinga. Na Jumamosi yangu. Nakumbuka nafunga duka saa sita, kisha nakumbuka Jumapili."

Eyðun alieleza kwamba jina likibadilishwa, mstari wote unahama: mfupa, maumivu, na safari yenyewe.

Safari hiyo Sunnvá alikuwa nayo kichwani tangu Jumatatu. Beinir alikuwa akimlisha vipande vya nyama ya kondoo iliyokaushwa kwa upepo huku akiendesha, ndiyo maana hakumwona kondoo mwenyewe. Aliimba, tena vibaya. Alisimulia jinsi baba yake alivyopotea baharini, jambo ambalo kwa miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kulitamka mbele ya mkewe. Sunnvá alimwonea wivu Turið, na alijionea wivu hata yeye mwenyewe, yule wa kwenye ripoti.

"Dada Sunnvá," Turið alisema, sauti imeshuka, "unaumia bure. Nipe mfupa wangu nijiuguze."

"Unauma kweli. Lakini ni wangu."

"Wewe si una mume nyumbani?"

"Wa nyumbani kamchukue, yule asiyesema neno mezani. Wa kwenye gari ni wangu, kwa mhuri wa serikali."

"Una roho mbaya wewe!"

"Na wewe una sweta langu. Ulirudishe, na ulifue kwanza."

Eyðun aliinua kalamu. "Shangazi, abiria nimwandike nani?"

"Rekebisha rangi," alisema Sunnvá. "Mengine yako sawa."

Eyðun akatia saini. Nje, gari likawa la buluu. Turið aliomba fomu ya malalamiko, akajibiwa kwa upole kwamba fomu hiyo hupewa waliokuwemo kwenye ajali tu.

Jumamosi iliyofuata Beinir alinyoa ndevu, akachukua ufunguo, akasema anakwenda kutazama uzio wa kondoo. Sunnvá alimfungulia mlango.

"Endesha polepole," alimwambia. "Mfupa wangu bado haujaunga."