Kaseti ya Kihispania Nyumbani kwa Bibi Kwandu

Maneno yale niliyaanzisha mimi, kwenye foleni ya pamba, tena kwa kucheka.

Mwaka ule wa tisini na nne wanunuzi binafsi walikuwa wamejaa Bariadi, mizani kila kona, na foleni bila umbea haisogei. Mtu akauliza eti Scola, mjukuu wa jirani yangu Bibi Kwandu, kila jioni anaongea na nani mle ndani? Nikadakia, "Bibi yake anamfundisha lugha ya fisi!" Watu wakacheka wakashika mbavu. Mashimba, kamanda wa sungusungu, walinzi wetu wa jadi, hakucheka. Ndama wake wawili walikuwa wamekufa wiki ile.

Ukweli niliujua. Scola alikuwa kidato cha tano, yuko likizo. Mnadani, chini ya rundo la mitumba, aliokota kaseti ya kujifunza Kihispania, akainunua, maana kambi moja ya watalii upande wa Serengeti ilitaka vijana wa kuongoza Wahispania. Redio inasema, yeye anafuatisha. Bibi yuko jikoni anapuliza moto wa mavi ya ng'ombe, moshi umemwachia macho mekundu miaka na miaka. Na kwetu siku zile, bibi kizee mwenye macho mekundu alikatwa mapanga kwa kosa hilo hilo tu, ati ni mchawi afugaye fisi.

Baada ya siku nne utani wangu ukanirudia kisimani, umeota meno: "Kwandu anafuga fisi. Jioni wanaongea."

Mimi dawa yangu ya kila jambo ni kujaza nyumba, basi nikapita mlango kwa mlango: njooni kwa Bibi Kwandu msikie wenyewe, chai ipo.

Wakaja, hata Mashimba. "Mwadila, mayu," akamwamkia bibi kwa heshima zote. Scola akabonyeza redio, akaeleza: hii ni salamu ya mchana, hii ni kutaja jina. Jirani yetu Maganga akajaribu, ulimi ukamgoma.

"Wewe hata Kiswahili kinakushinda!" nikamtania. Nyumba ikalipuka kwa kicheko. Nikashusha pumzi.

Ndipo bibi akainua kidevu pale kwenye kigoda. "Hata mimi naweza." Akamgeukia Mashimba. "Buenas tardes, señor. Me llamo Kwandu." Safi, bila kukwama.

Kicheko kikakatika.

"Shule ulisoma wapi, mayu?" Mashimba akauliza taratibu.

"Shule? Hata mlango wake siujui, baba! Nasikiliza tu nikiwa jikoni."

Mashimba akamtazama macho, kisha akatazama mlango wa ndani. "Unalala chumba kile?"

"Kile kile, na mjukuu wangu."

"Vizuri. Tutarudi kusikiliza."

Wakatoka mmoja mmoja, hakuna aliyengoja kusindikizwa. Vikombe vikabaki vimejaa.

Nikamtuma Scola stendi mbio, kwani bibi ana kaka yake kule Mwandoya wa kumkimbilia. Akarudi anahema: basi limeshaondoka, jingine ni kesho asubuhi.

"Bibi, twende kwangu. Sasa hivi," nikamsihi.

"Niiache nyumba na wageni wamesema watarudi? Tangu lini hapa pakajaa watu hivi, Mama Lucy?"

Akamwambia Scola arudishe kaseti mwanzo. Scola hakusogea. Bibi akanyanyuka mwenyewe, akabonyeza, akaanza kufuatisha kwa sauti kubwa asije akaaibika mbele ya wageni wakirudi. Dirishani nikamwona Mashimba. Alikuwa hajaondoka. Amesimama njiani na wanaume wanne, wanasikiliza.