Ndiyo ya Wanawake wa Mwani

"Tumekubaliana?"

"Tumekubaliana, mwenyekiti."

Mwanamvua aliisikia ndiyo hiyo na hakuiamini. Kwa miezi miwili, tangu achaguliwe kuongoza kikundi cha wakulima wa mwani pale Mlingotini, alikuwa akitafuta namna ya kuokoa mwani uliokuwa ukiozea kwenye kamba kwa joto la maji ya ufukweni. Namna aliipata: kuhamishia mashamba kwenye maji ya kina kirefu, yasiyopata joto sana. Alieleza alasiri nzima, na wanawake ishirini na watatu wakakubali bila hata kukohoa.

Lakini ndiyo ya kikundi kile aliijua. Hiyohiyo ndiyo iliyojenga vichanja vya kuanikia mwaka juzi, enzi za mwenyekiti aliyetangulia, Bi Somoe. Kila mtu aliafiki, vichanja vikajengwa, kisha kila mtu akaenda kuanika mwani wake mchangani kama zamani. Mpaka leo wanaolala juu yake ni kuku. Kumbishia mwenyekiti mbele ya watu ni utovu wa adabu. Kutomtii akishageuza mgongo, hilo halina neno. Mwanamvua mwenyewe alianika mchangani.

Msimu mmoja zaidi wa kuoza, na kikundi kingekufa.

"Basi hatuondoki hapa," akasema, akakaa mkekani, "mpaka mmoja wenu anikatalie."

Wakatazamana. Mmoja akacheka, akajikuta anacheka peke yake, akanyamaza. Bi Somoe akajitanda kanga vizuri. "Mwanangu, watu wana vyungu jikoni."

"Heshima yako iko palepale, Bi Somoe. Lakini vyungu na viungue."

Hatimaye Mosi, ambaye kwa miaka sita kikundini hakuwahi kusema zaidi ya salamu, akasema huku akiangalia miguu yake, "Mimi siendi kwenye kina. Sijui kuogelea, na nina watoto."

Mwanamvua aliona haya mpaka masikioni. Miezi miwili ya kupanga kamba na maboya, na hilo hakuliuliza.

"Anayejua kuogelea anyooshe mkono."

Ikanyooka mikono minne. Wa Mwanamvua haukuwamo, na wote waliona.

Ndipo mkutano ulipoanza. Wakasemezana, wakakatizana, Bi Somoe akabishana na Mosi waziwazi na hakuna aliyekufa. Mwishowe wakapiga kura: mashamba yasihame kwanza, watu wajifunze kuogelea, na Yasmini, binti wa Bi Somoe, awafundishe.

"Aanze nani?" Mwanamvua akauliza.

"Uanze wewe," akasema Mosi. Mikono yote ishirini na mitatu ikanyooka.

Aliogopa, tena sana. Asubuhi yake maji yalipojaa, kikundi kizima kilikuwa ufukweni. Alikaza kanga kiunoni, akaingia. Maji yakamfika magotini, kiunoni, kifuani. Yasmini akamwambia ajilaze. Akainua miguu kutoka mchangani, akazama, akaibuka anakohoa.

Alipojifuta macho na kugeuka, Mosi alikuwa amekwisha kuingia mpaka kifuani.