Dereva Akikataa Je?

Kusomea udereva hali umezaliwa Langoni, Lamu, ni kama kusomea uogeleaji jangwani: watu watakusikiliza kwa adabu, kisha watakuuliza mama hajambo. Mji wa Lamu ni vichochoro, na chombo cha kubebea mizigo kina miguu minne na masikio marefu. Lakini leseni Musab alikuwa nayo. Aliifuata Mombasa, akarudi nayo akiionyesha hata kwa wasiouliza, na tangu hapo alikuwa akiendesha kilori cha saruji cha duka moja kule bara, kutoka Mokowe hadi mji wa Hindi, kilori kilichokohoa kuliko mwenyewe mwenye duka.

Sasa kampuni mbili za malori makubwa zilikuwa zimemkubali. Zote zilikuwa na yadi Mokowe, zote zilipeleka mizigo Nairobi na mbele ya Nairobi, na zote zilitaka jibu siku hiyo hiyo, kabla ya alasiri. Musab alijua hachagui rangi ya shati. Kuna kijana wa mtaa wa Wiyoni aliyechagua vibaya. Alisinzia usukanini karibu na Garsen, na hadi leo watu wakipita mlangoni kwao hushusha sauti.

"Ntakwenda nawe," akasema ami yake, Bwana Taha, ambaye umri wake wote alikuwa mchukuzi wa punda. "Hata punda hujanunua peke yako, utaweza kuchagua bwana wa kumtumikia?"

"Ami, lori si punda."

"Labeba mizigo?"

"Labeba."

"Lala chakula?"

"Lala dizeli."

"Basi. Ndoo twende."

Wakavuka na boti hadi Mokowe, wakaingia yadi ya kwanza, ya malori mekundu.

Hapo maneno yakawaishia wote wawili. Bwana Taha aliinua uso kulitazama lori hata kofia ikamdondoka, naye asiiokote. "Subhanallah," akasema, kisha akasema tena. Musab aliwahi kuyaona yakipita, lakini kupishana na lori barabarani na kusimama chini yake ni mambo mawili. Gurudumu lilimfika kifuani. Dereva alipowasha injini, ardhi ilisema na nyayo zao, na Musab akahisi kile alichokihisi utotoni usiku wa Maulidi, matwari yote yalipolia pamoja na moyo usijue ufuate lipi.

Bwana Taha alilizunguka kwa nyuma, kiganja chake kikilipapasa ubavuni taratibu, "hoo, hoo," kama afanyavyo kwa punda mgeni asije akashtuka.

"Mzee, halipigi teke hilo!" madereva wakamcheka.

"Wenye punda wote husema hivyo," akajibu, wala hakuondoa mkono.

Msimamizi, Kiprotich, alimpandisha Musab juu. Lo! Kiti kilimkumbatia. Upepo baridi ukampuliza usoni. Nyuma kitanda, kando friji, na mbele ya kioo ulimwengu mzima: mikoko, mkondo, hata Lamu yenyewe kule ng'ambo, ndogo ya kutia mfukoni. Musab alikuwa tayari kusema ndiyo. Nusu yake ilikuwa imeshasema.

Kutoka chini ikapanda sauti ya ami yake. "Bwana, na dereva akikataa je?"

"Akikataa nini?" Kiprotich akauliza.

"Kwenda."

Kiprotich alicheka. "Hapa hakuna anayekataa, mzee. Mzigo haungoji mtu."

Dereva wa lori la pili naye akacheka, ila mdomo peke yake. Macho yalikuwa mekundu kama kaa aliyechemshwa.

"Waona mato yale?" Bwana Taha akanong'ona Musab aliposhuka.

Musab aliyaona. Alilijua swali lile la kukataa tangu utoto, ila hakudhani linaingia kwenye mambo ya gia. Lamu mnunuzi mjuzi hamtazami punda meno. Humwambia mwenyewe amtie mgongoni shogi lililojaa mizigo, ampeleke gatini penye utelezi, kisha hungoja punda agome. Akigoma, humtazama mwenyewe. Mwenye kuinua bakora, muache na punda wake. Mwenye kumtua mzigo kwanza na kuuliza baadaye, nunua kwake hata punda akiwa kiguru.

Yadi ya pili, ya malori ya kijani, haikuwa na cha kumkumbatia mtu. Rangi ilibanduka, na kiti kimoja kilishonwa kwa uzi wa nyavu. Lakini walipoingia, dereva mmoja mwanamke, Valary, alikuwa akirudisha nyuma trela refu kama kichochoro, akilipenyeza kati ya kontena mbili ambako Musab asingepitisha mkokoteni. Lilipinda, likanyooka, likatulia. Musab alisahau kufumba mdomo.

Kisha Valary akashuka, akaingia uvunguni, akatoka na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Obeid, siendi. Breki inavuja upepo."

Msimamizi wake, Obeid, alishika kichwa. "Valary, utaniua! Mteja atanitafuna mzima, na mifupa!"

"Atafune. Siendi."

Obeid alisonya, akalipiga teke jiwe, akalaani siku. Kisha akaliokota jiwe lile lile, akaenda kuliweka mwenyewe chini ya gurudumu. "Mwite fundi," akasema, na kumpigia mteja simu.

Dude zima lile, lenye uzito wa mtaa, lilisimama kwa neno la mtu mmoja. Musab alilitazama na mwili ukamsisimka kuliko kule kwa malori mekundu.

"Hujauliza swali lako, ami."

"Lishajibiwa."

Musab akampigia Kiprotich. "Nashukuru, bosi. Kiti chenu kizuri mno, ntasinzia." Kisha akaenda kumpa Obeid mkono.

Fundi alipomaliza kazi, Valary alimpandisha Bwana Taha ndani akaone. Akakanyaga breki, akaachia. *Pshaaaa!*

Bwana Taha alishika mlango kwa mikono miwili. "Lapumua!"

"Linapumua, mzee. Sasa liko sawa."

Mchukuzi yule aliweka kiganja juu ya dashibodi, polepole, akakiacha hapo, midomo ikisoma dua. Musab alikuwa na mzaha tayari ulimini. Akaumeza.