Nukta Yenye Sauti

Mkwe wangu alikohoa tena. Nilikuwa nimeinamia meza ya kulia, miwani imeteleza hadi ncha ya pua, kibano mkono wa kushoto, burashi nyembamba mkono wa kulia, na mbele yangu matumbo ya kibodi yametawanyika juu ya gazeti: vifuniko, vijiti vya plastiki, springi nyembamba zilizotaka kuruka kila nilipozitazama. Kila kilichokuja mkononi nilikipaka grisi. Sikuwa na haraka, wala sikuwa na huruma.

"Mkwe, kifua hicho!" mke wangu aliita kutoka jikoni. "Nikuchemshie maji ya limau?"

"Hapana, Mama. Niko salama."

"Salama gani, na unakohoa kama gari lililolala nje?"

Maji ya limau yakaja hata hivyo. Akayanywa kwa adabu, akiitazama burashi yangu juu ya ukingo wa kikombe kama mtu anayemtazama mtoto akikimbia karibu na kisima. Mimi nilidhani anastaajabia ustadi wangu.

Kibodi ile ilikuwa ya chama chetu cha wastaafu, au tuseme ilikuwa ya kiti changu katika chama hicho. Nilikuwa katibu. Nilianza maisha ya kazi nikiwa tarishi, nikibeba maneno ya watu wengine ndani ya bahasha kutoka ofisi hadi ofisi, na sikuruhusiwa hata kuyachungulia. Kisha nikajifunza kupiga taipureta katika shule ya jioni, nikahama kutoka kuyabeba maneno hadi kuyaandika. Tangu siku hiyo hakuna kiti nilichokaa kwa raha kama kilicho nyuma ya vitufe. Hata baada ya kustaafu sikukubali kuamka asubuhi bila kuwa katibu wa kitu chochote.

Wanachama waliniita Bwana Nukta. Mtindo wangu ulikuwa huu: mtu akisimama kuzungumza, nilimsikiliza, nikaichuja hoja yake, nikaiandika kwa sentensi iliyonyooka, kisha nikapiga nukta kwa nguvu. Tok! Baada ya hapo lolote aliloongeza lilikuwa lake na Mungu wake. Mimi nilikuwa nimefunga. Sikuwahi kumwambia mtu aketi. Nilipiga nukta tu.

Riboni za taipureta zilipopotea madukani, mkwe wangu, ambaye ni fundi wa kompyuta, aliniundia kibodi ya kuchomeka kwenye kompyuta. Swichi za chini ya vitufe nilizichagua mwenyewe, zile zenye kelele kuliko zote, kwa kumbukumbu ya taipureta yangu. Ukumbi wetu una paa la bati. Nilipoandika, ungedhani mvua ya mawe imeingia ndani kutafuta uanachama.

Tatizo langu la siri lilikuwa vidole. Baridi yabisi ilikuwa imehamia humo na swichi zile zilikuwa nzito. Tatizo langu la hadharani lilikuwa Mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa mkaguzi wa barabara mstaafu, na hotuba zake zilikuwa kama barabara alizozikagua, ndefu na zenye viraka. Siku moja alisita katikati ya hotuba, akanigeukia.

"Katibu, mashine yako inanikata maneno."

"Inayaandika, Mwenyekiti."

"Inayakata! Mtu nafika penye utamu, nasikia tok. Utamu wote unakimbia."

Nilitazama upande wa Muuguzi, mweka hazina wetu, mama aliyewahi kuchoma sindano nusu ya mji na bado alikutazama kana kwamba anatafuta pa kukuchoma. Nilitarajia anitetee.

"Mimi nina kifaa cha sikio," alisema. "Bwana Nukta akiandika, nasikia hadi kwenye jino la mwisho. Na jino lenyewe nililing'oa zamani."

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti akatoa simu mpya mfukoni, akaiweka mezani taratibu kama mtu anayemtambulisha mchumba. Simu hiyo, alisema, ilisikiliza watu na kuandika yenyewe. Haigongi wala haipumziki.

"Wala haina yabisi," akamalizia, akiitazama mikono yangu.

Kumbe siri haikuwa siri. Ikaamuliwa kwamba kikao kijacho nije na kibodi isiyosikika, la sivyo kiti cha katibu kirithiwe na simu. Nilirudi nyumbani nimevimba mashavu, nikamwita mkwe.

Mkwe wangu ana heshima iliyopitiliza. Tangu amwoe binti yangu hakuwahi kuniambia hapana. Akitofautiana nami hutafuta kazi ya kulipa koo lake. Sikulijua hilo wakati ule. Nilimhesabu tu kuwa kijana mwenye mapafu dhaifu.

Alikuja na kibao kidogo chenye swichi za majaribio, kila moja na kitufe chake juu. Nikakaa, nikaanza kuzibonyeza kama daktari anayepapasa tumbo la mgonjwa.

"Hii haina neno," nilisema kuhusu ya kwanza.

"Ndiyo, Baba. Inashuka moja kwa moja."

"Inashuka kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Kidole hakijui kimefika au kinaendelea kuanguka. Weka pembeni."

Iliyofuata ilikuwa nzito. Ilitaka kidole cha mpakia mizigo. Nyingine ilikwaruza. Kisha nikagusa moja iliyokuwa pembeni, nyepesi, karibu kidole kishuke kwa uzito wake chenyewe. Katikati ya safari kulikuwa na kinundu, kidogo kama punje ya mchele chini ya kitambaa cha meza. Kidole kikakigusa, kikakivuka, kikajua. Kilikuwa kama kumgusa mtu bega naye akageuka. Nilibonyeza tena na tena, na kwa mara ya kwanza tangu yabisi inianze sikukunja uso.

"Ni hii," nilisema.

Mkwe akaifungua anionyeshe tumbo lake. Ndani kulikuwa na kijiti cha plastiki chenye miguu midogo, na kila mguu ulikuwa na kitambi. Kijiti kikishuka, vile vitambi vinapanda juu ya bati laini la shaba na kulivuka. Kinundu anachokihisi mtu ni huko kuvuka, na herufi huandikwa papo hapo. Chini ya kijiti kuna springi ya kukirudisha juu.

Ila hata swichi hii haikuwa bubu. Springi yake ililia kidogo, na plastiki iligongana na plastiki. Hapo ndipo mkwe aliposema tunaweza kupaka grisi kidogo, kidogo sana, kwenye kuta za ndani na ncha za springi. Neno "kidogo" lilinichekesha. Nilimwambia nilikuwa natia mashine mafuta kabla mama yake hajakutana na baba yake, na taipureta haikuwahi kunishtaki kwamba nimezidisha. Nikazitoa springi zote nikaweka nyepesi kuliko zote alizokuwa nazo. Akakohoa. Kisha nikainua kile kijiti karibu na taa.

"Hapa kwenye miguu ndipo panaposuguana," nilimfundisha. "Kwa hiyo hapa ndipo pa kupaka zaidi."

Akakohoa tena, na ndicho kikohozi kile kilicholeta maji ya limau.

Tulipomaliza, nilibonyeza kitufe. Hakikusikika. Nikabonyeza vyote kwa viganja. Kimya. Kusema kweli hata kidole hakikuhisi kitu, lakini mtu aliyekitafuta kimya kwa jasho hilo hakiulizi maswali.

Siku ya kikao niliingia ukumbini nimenyoosha mgongo. Ajenda ilikuwa moja, nayo nyepesi: tuupake mlango wa ukumbi rangi gani. Mwenyekiti akasimama. Mimi nikaandika, na paa la bati halikujua kama nipo. Akaniangalia kwa jicho la pembeni, akaendelea. Hoja yake ikafika mwisho, nami nikapiga nukta.

Haikusikika. Akaendelea.

Akatoka kwenye rangi ya mlango akaingia kwenye rangi za alama za barabarani, kutoka hapo akaenda kwenye lami, na kutoka kwenye lami akaenda kwa mkandarasi mmoja aliyemdhulumu enzi za ujana wake. Nikapiga nukta nyingine, na nyingine. Alipochoka mwenyewe, Muuguzi akasimama. Alianza na mlango, akapita kwenye magoti yake, akafika kwa daktari anayemtibu magoti, na kabla hatujashtuka alikuwa ndani ya ndoa ya daktari. Nilimwona akinyamaza kidogo baada ya kila jambo, ameinamisha sikio lenye kifaa, kama abiria anayesubiri kutajiwa kituo chake. Hakutajiwa. Wote walikuwa hivyo. Walisimama wakazungumza, wakasubiri kitu, kisha wakazungumza tena.

Mimi nami nilikuwa na msiba wangu. Bila kinundu, vidole havikujua vimeandika au havijaandika. Na springi zile zilikuwa dhaifu kiasi kwamba kidole kikipumzika tu juu ya kitufe, kitufe kilizama na kubaki huko kikiandika peke yake. Mlinzi wa ukumbi alikuwa ameshaingia na fagio, amesimama mlangoni kwa hasira, pale mlangoni penye utata, Mwenyekiti alipokumbuka kwamba desturi yetu ni katibu kusoma muhtasari kabla ya kufunga.

Niliitazama skrini. Moyo ukashuka bila kukutana na kinundu chochote.

"Nitausoma nikiusafisha kidogo," nilisema.

"Soma kama ulivyo," alisema Mwenyekiti, ambaye alikuwa amesogea nyuma yangu.

"Mwenyekitiiiii," nikasoma, "alifunguaaaa kikaooo…"

Sikuweza kuendelea. Watu walikuwa wamelaliana mabegani kwa kicheko. Mwenyekiti akasubiri watulie, akaitoa ile simu, akaiweka mbele yangu, juu kabisa ya kibodi.

"Wenzangu," alisema kwa upole uliokuwa mbaya kuliko dharau, "nadhani jambo limejieleza."

Nilianza kuvuta waya wa kibodi. Nilikuwa tayari kuusokota mkononi, kuuweka kwenye mfuko na kurudi kuwa mtu anayebeba maneno ambayo si yake.

"Mwenyekiti," aliita Muuguzi. "Hiyo simu, inapiga nukta?"

"Haina sauti hata chembe!" alijibu kwa fahari.

"Basi mimi siitaki."

Muuguzi akasimama tena.

"Leo nimezungumza mpaka nimetoa siri za daktari wangu," alisema. "Kesho nitamtazamaje usoni? Zamani Bwana Nukta angeniokoa pale kwenye magoti. Akipiga tok, mtu unajua umeeleweka, unakaa. Leo nimesimama hapa, sijui kama nimeeleweka au nimepotea."

"Kweli kabisa," mtu akasema nyuma. "Mimi nimeongea hadi nimekubaliana na mpinzani wangu."

"Na mimi naomba nukta irudi," akasema mlinzi na fagio lake, ingawa hakuwa mwanachama.

Ukapitishwa uamuzi: katibu abaki, vitufe vyote viwe kimya kwa heshima ya jino la Muuguzi, lakini nukta isikike. Mwenyekiti akairudisha simu mfukoni. Nikauachia ule waya.

Mkwe alikuwa ananisubiri nje. Akanipokea kibodi, tukaanza kutembea.

"Vidole havikuhisi kinundu," nilimwambia.

Akakohoa.

"Mkwe wangu, una kifua kweli?"

Akatazama viatu vyake. "Kifua ni kizima, Baba. Ni ile miguu ya kijiti. Haipakwi grisi. Ukiipaka, kinundu kinapotea."

"Na ulijua?"

"Nilikohoa, Baba."

Nilitaka kukasirika. Lakini nilikumbuka maji ya limau aliyoyanywa hadi tone la mwisho, na malimau yenyewe yalikuwa makali, nikaanza kucheka hadi nikaegemea ukuta wa watu.

Siku iliyofuata tukatandika gazeti tena. Tuliosha vijiti kimoja kimoja kwa spiriti, tukabadilisha springi kwa nyingine zenye nguvu ya kutosha kubeba kidole kilichochoka, na grisi ikaenda ilikostahili tu. Nilipoisogeza burashi karibu na mguu wa kijiti, kwa mazoea tu, nilisikia sauti nisiyoizoea.

"Hapana, Baba."

Jikoni mwiko uliacha kukoroga. Mke wangu akachungulia. Mkwe alikuwa amekauka, anasubiri dari imwangukie. Mimi nikaiondoa burashi. Kumbe kijana alikuwa na kinundu chake siku zote, ila mimi ndiye niliyempaka grisi.

"Endelea kunielekeza," nilisema, na mwiko ukaanza tena.

Chini ya kitufe cha nukta tulichomeka swichi ya zamani, ile nzito yenye kelele. Inaniuma kidole kila ninapoibonyeza. Sijawahi kulalamika.

Miaka imepita. Mwenyekiti aliugua, akapona nusu, akaomba apumzishwe uongozi. Siku ya kuaga alisimama kwa kushika meza, sauti yake imebaki uzi. Alitushukuru, akatuombea heri, akamtaja mrithi wake, na hoja ikawa imekamilika. Kila mtu ukumbini alijua. Mwenyewe alijua pia, maana alinyamaza, akanigeukia, akasubiri.

Kidole kilikuwa juu ya nukta. Muuguzi alikuwa ameinamisha sikio.

Niliutoa mkono kwenye kibodi, nikauweka pajani.

"Nakusikiliza, Mwenyekiti," nilisema.

Alinitazama. Kisha akavuta pumzi, akashika meza vizuri zaidi, akaanza kutueleza habari za lami.