Kanda ya Vugo

Kabla ya adhana ya alfajiri nilisikia "tik" ukumbini, kisha feni ya kompyuta ikaanza kuvuma. Hakuna aliyeiwasha. Nilikuwa nakwenda kutia udhu. Nikachungulia, nikaona kijiduara kinazunguka kwenye kioo na maneno yanapita. Nikadhani ni Nabil, mwanangu aliye Doha, ameiwasha kwa mbali kama afanyavyo mara nyingine. Nikamwombea dua, nikaenda kuswali.

Kumbe ilikuwa inajibadilisha yenyewe.

Kompyuta ile Nabil aliiunganisha na TV ya ukumbini alipokuja likizo. Ndani aliitia kadi ya kunasa picha, na kando yake akaweka deki nzima aliyokuja nayo kutoka Doha. Unachomeka nyaya tatu kutoka kwenye deki ya kanda, nyekundu, nyeupe na ya manjano, na kila kinachocheza kwenye kanda kinabaki ndani ya kompyuta. Taabu yote hiyo aliifanya kwa ajili ya kanda moja, ambayo yeye mwenyewe hakuwa na ruhusa ya kuitazama. Wala hakuomba.

Ilikuwa kanda ya vugo, ngoma yetu wanawake ya harusini, ile ya kugonga pembe kwa vijiti na kuimba. Vugo hilo lilipigwa hapa hapa mtaani kwetu, Langoni, miaka ishirini na mbili iliyopita, alipoolewa binti wa dada yangu. Wanawake walikuwa peke yao, vichwa wazi, asumini nywelani, wakicheza wapendavyo. Aliyeshika kamera alikuwa mwanamke. Harusi ilipokwisha walinikabidhi kanda, wakaniambia, "Bi Radhiya, hii ni amana. Jicho la mwanamume lisiifikie." Nikaifungia kashani.

Aliyeongoza nyimbo siku ile alikuwa Huwaida, binti yangu. Mwaka uliofuata alijifungua kwa wakwe zake, Mbwajumali, kisiwani Pate, akafa siku ya tatu. Mtoto akabaki huko huko kwa babake. Sikumlaumu mtu. Walimlea vizuri.

Mtoto huyo ni Aliya. Ana miaka ishirini na moja, na hakuwahi kuisikia sauti ya mamake. Picha za Huwaida ziko mbili, na katika moja amefumba macho. Mara ngapi Aliya aliniuliza habari za kanda, nami nikamwambia deki imekufa. Kweli ilikuwa imekufa. Lakini pia niliogopa, na kwa woga ule miaka ilipita, na hewa yetu ya chumvi haingoji mtu.

Wiki moja kabla ya alfajiri ile, Mwalimu Gakii alikuja kuikagua kanda. Gakii ni binti wa Meru anayefundisha kompyuta katika shule ya wasichana, na amepanga chumba nyumba ya tatu kutoka kwangu. Nilimtaka yeye kwa kuwa ni mwanamke. Siku ya kwanza tu alivua viatu mlangoni na kujitanda leso kichwani, wala hakuna aliyemwambia. Alifungua kasha la kanda kwa bisibisi, akanionyesha ukungu mweupe kama unga. Aliufuta kwa pamba na spiriti, saa tatu nzima, mgongo umeinama.

"Mama, nikuambie ukweli," alisema. "Hii itacheza mara moja. Ikicheza mara mbili, tushukuru Mungu. Kwa hivyo siku tukiiweka, tunarekodi hapo hapo."

Tukajaribu kadi kwa kanda nyingine isiyo na maana. Ikanasa. Nikampigia Aliya simu.

Akaja siku ile ile kompyuta ilipojiwasha, Jumamosi, saa nne asubuhi, kwa boti. Alitakiwa arudi Jumapili, maji yakijaa asubuhi. Nilimpokea mlangoni.

"Umekuya, mwanangu."

"Nimekuja, Bibi. Usiku sikulala. Wifi zangu wananicheka, wanasema nimekuwa kama mwari anayengoja kutolewa nje."

Gakii alikuwa ameshakaa mbele ya kompyuta, uso umebadilika.

"Imejiapdeti usiku," alisema. "Sasa haiioni kadi. Inasema hakuna kifaa."

"Si kadi iko humo ndani?" niliuliza. "Nabil aliifunga kwa mkono wake."

"Iko, Mama. Lakini kompyuta inahitaji draiva, programu ndogo ya kuifundisha kuongea na kadi. Ile ya zamani haielewani na hii mpya. Nitatafuta nyingine."

"Kwa hivyo imesoma ikawasahau jirani zake," Aliya alisema, na Gakii akacheka. Nilifurahi kumsikia akicheka.

Kampuni iliyotengeneza ile kadi ilikuwa imeshafungwa zamani. Gakii alitafuta kwa simu yake, kwa bando lake mwenyewe, kwa sababu intaneti ya nyumbani ilikuwa inakwenda kwa kusita. Draiva ya kwanza ilikataa. Ya pili ikakifanya kioo kuwa buluu tupu, na mashine ikazimika. Gakii akaanza upya. Aliya alikaa sakafuni karibu naye, akampepea kwa kipepeo cha ukili. Adhuhuri ikaingia, mimi na Aliya tukaswali, tukarudi. Chai ya Gakii ilipoa mara mbili. Mara mbili Aliya alikwenda kuipasha moto.

Draiva ya tatu ilikuwa ya zamani zaidi, na ilibidi Gakii aizuie kompyuta isiikatae. Akaiwasha tena, akaitia kanda yetu ndani ya deki. Kwanza kioo kilikuwa kijivu. Kisha kijivu kikacheza. Kisha kikaja kijani cha mkeka, na juu ya mkeka nyayo za wanawake, na sauti ya pembe.

"Inarekodi?" Aliya aliuliza.

"Inarekodi. Msiguse kitu."

Nilisogeza kiti. Wakapita mbele ya macho yangu wanawake niliowaosha kwa mikono yangu walipokufa, wakiwa wazima, wanasukumana kwa mabega. Wakapita wengine ambao leo ni bibi kama mimi, mikono wazi, nywele mgongoni. Sauti ilikuwa kubwa. Walikuwa bado wanagonga pembe na kupanga mistari, hakuna aliyeanza kuimba. Aliya alinishika goti.

"Yuko wapi?"

"Bado. Atatokea upande wa mlangoni. Alichelewa kwa kuwa alikuwa akinifunga mimi leso."

Hapo ndipo niliposikia, "Hodi! Hodi wenyewe!"

Alikuwa Bwana Hamid, ndugu wa marehemu mume wangu. Amekuwa mzito wa masikio, akipiga hodi hangoji karibu, huingia moja kwa moja. Kiatu chake nilikisikia tayari ndani ya tekani, pale pa kuingilia nyumba, na kutoka tekani ni hatua tatu mtu aione TV.

Leso ilikuwa begani kwangu. Ningeitupa juu ya kioo, ingetosha. Aliya angesimama mlangoni, ingetosha. Lakini kwa miaka ishirini na mbili nilichokihofia ni kitu kimoja tu, na mkono wangu ulikuwa unakijua kuliko kichwa. Ulikwenda kwenye swichi ya ukutani.

"Mama, usizime!" Gakii alipiga kelele.

Nilimsikia. Nilikuwa nimeshazima.

TV, deki na kompyuta vilinyamaza pamoja. Bwana Hamid alisimama mlangoni na mikate ya mofa, ya moto, imefungwa kwa gazeti.

"Shemeji, nimesikia mna mgeni kutoka Pate. Nimewaletea." Akatutazama mmoja mmoja. "Kwani nimeharibu nini?"

"Hukuharibu kitu, Bwana Hamid," nilisema. "Ahsante. Mungu akuweke."

Alipoondoka Gakii aliwasha tena. Deki ilivuta mara moja, ikakwaruza, ikatema kasha, na utepe ukabaki ndani. Akafungua kifuniko. Utepe ulikuwa umejikunja kwenye magurudumu kama utumbo wa samaki, na umekatika mahali pawili. Kila aliposhika, ule ukoko mweusi wenye picha ulibaki vidoleni mwake. Akanionyesha vidole, akavificha.

Ndani ya kompyuta kulisalia dakika kumi na moja. Aliya alizitazama zote bila kupepesa. Kuna mahali mwanamke anapita kwa mbali, amewapa mgongo, mrefu, shingo nyembamba.

"Ni huyu, Bibi?"

Ningesema ndiye. Angeishi na mgongo ule maisha yake yote, na angeridhika. Gakii aliinamisha uso.

"Siye," nilisema. "Yule ni jirani. Huwaida hayumo."

Aliya aliiacha TV, akanigeukia. Kisha akasema, "Basi niimbie alivyoimba."

Nilijaribu. Maneno nayajua yote. Lakini iliyotoka ilikuwa sauti yangu, kavu, inayokatika njiani, nami nikaachia katikati. Aliya akanifuta uso kwa ncha ya buibui lake. Gakii alikuwa anakusanya vipande vya utepe kimoja kimoja, anavitia kwenye bahasha, ingawa alijua havina kazi. Hakusema hata mara moja kwamba ulikuwa mkono wangu.

Jumapili asubuhi Aliya alifunga mkoba wake. Nilimtilia mikate ya mofa iliyobaki. Nilingoja aseme kwamba amenisamehe, au aseme kwamba amekasirika, hakusema hili wala lile. Alinibusu mkono, akavaa viatu, akasimama barazani akitazama upande wa bandari.

"Boti haingoji, Bibi."

Nilimshika kiganja, nikaona siwezi kukiachia.

"Uye tena, mwanangu," nilimwambia. "Sina tena cha kukuonyesha. Uye vivyo hivyo."