Saumu Iliyoungua

Pilipili ya Mama Ukali ilizaliwa kwa bahati mbaya. Siku moja aliacha saumu kwenye mafuta ya moto, akatoka kugombana na jirani, akarudi imekuwa nyeusi. Kuimwaga akaona uchungu. Akaitwanga hivyo hivyo na pilipili, chumvi na ndimu, akaipeleka kwenye meza za mgahawa wake. Wateja wakalamba vidole. Baadaye wali ukawa kisingizio tu. Watu walifuata pilipili.

Tangu hapo, kila akitaka kuunguza saumu, alimwambia binti yake wa pekee, "Shika ndoo, kachote maji."

"Mama, pipa limejaa."

"Basi limwage uchote upya! Na huo mdomo wako mpana, utaniuza."

Alijiambia atamfunza akitulia akili. Akina mama, hapo ndipo tunapojimaliza.

Kwa maana alikuja mteja mmoja mwenye maneno matamu. Akamwita "mama mzazi", akambebea magunia ya mkaa, mwisho akakaribishwa jikoni, akakalia kigoda cha binti. "Siri ni hii, mwanangu," Mama Ukali akamwambia. "Iache iungue." Binti alikuwa bombani.

Haukupita muda, pilipili ikatoka kiwandani kwa yule bwana, ndani ya chupa. Kwanza ilikuwa na saumu nyeusi. Wanunuzi wakalalamika inakereketa, ikatiwa sukari. Ikatiwa unga iwe nzito, kisha rangi iwe nyekundu. Saumu ikaachwa kabisa. Binti akapata kazi hukohuko, kubandika karatasi kwenye chupa.

Mgahawani wateja wakaanza kununa. "Mama, hii imeungua. Tuletee yenyewe, ya chupa."

"Yenyewe ndiyo hii, we mtoto!"

"Aa, mama, acha kuiga vya watu."

Jioni hiyo akamwita binti yake. "Njoo nikufunze, kabla sijaondoka nayo." Binti akaja amechoka, vidole vimeganda gundi. Mama akatia saumu kwenye mafuta. Ilipoanza kubadilika rangi akageuka amwonyeshe.

Kigoda kitupu. Binti, kwa mazoea ya utotoni, alikuwa ameshika ndoo akatoka.

Mama alimkimbilia hadi uani, akiita. Wakapishana, binti aliingia kwa mlango wa mbele, akanusa moshi, akatua ndoo.

"Jamani mama, umeunguza!" akasema, akainua sufuria, akaimwaga yote.