Daktari Asiyejua Pole

Kitendawili. Sema "tega", usinitazame tu. Mdomoni chatemwa, tumboni chatakiwa. Umeshindwa? Mji utanipa baadaye.

Kila jioni, akishaswali magharibi, Bi Waridi wa Chang'ombe alijisogeza mbele ya runinga kumtazama daktari mmoja wa tamthilia. Daktari yule hakujua pole wala samahani. Mgonjwa akilia, humwambia, "Machozi hayashushi homa." Wauguzi humnunia, wakubwa humfukuza, lakini walioshindikana kwa wengine huponea kwake.

"Mdomo kama shubiri," alisema jioni moja jirani yake Raheli, akichambua mlenda kando yake. "Unampendea nini, shoga?"

Bi Waridi akaongeza sauti ya runinga.

Mwanawe Swalihu alikuwa tabibu wa zahanati huko Mtera. Idi moja, miaka mitatu nyuma, alimwona baba yake, mgonjwa wa sukari, kashika kalmati, akasema mbele ya wageni, "Weka chini, baba, au uchague mguu wa kukatwa." Wageni wakainamisha vichwa. Bi Waridi akamfukuza: arudi akishajifunza adabu.

Mzee aliacha sukari siku ileile, na mpaka leo huenda msikitini kwa miguu yake miwili. Mwana hakurudi. Kila mwezi huja kapu lake la perege wakavu, chini yake dawa za wazazi. Neno hakuna.

Jioni ile daktari wa runinga alifukuzwa tena. Alitoka getini na mkoba wake, hakuna aliyemuaga. Bi Waridi akashindwa kuvumilia, akapiga simu Mtera. Mzazi kumwomba radhi mwana, aanzie wapi? Akasema alilolizoea.

"Kitendawili."

Swalihu akaitikia, "Tega."

"Mdomoni chatemwa, tumboni chatakiwa."

Tangu utotoni Swalihu hakuwahi kutoa mji. Bora alale na njaa kuliko kukiri kashindwa.

"Mama, dawa ya presha umemeza?"

"Bado."

"Unangoja jeneza likumezeshe?"

Bi Waridi akacheka mpaka ushungi ukamdondoka. "Jibu, au nipe mji."

"Nakupa mji, mama."

"Upi?"

"Chang'ombe. Ijumaa nakuja kukukabidhi."

Bi Waridi akaweka simu mapajani, akafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Uliniuliza nampendea nini," akamwambia Raheli. "Dawa chungu, shoga. Nimeikosa miaka mitatu."